Joto la Jokofu la Wapi

Muuguzi wa zahanati moja ya kule Muleba alipanda ngazi za ofisi yangu bila kunipigia simu, akavuta kiti, akakikazia macho kioo cha kompyuta kwa muda, kisha akauliza, "Sasa ya kwangu ni ipi?"

Sikuweza kumwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya programu zilizokuwa zinafanya kazi, na mistari yangu sita ilikuwa imeandikwa neno moja tu, dotnet, moja chini ya nyingine. Mmoja ulikuwa wa kutuma meseji, mmoja wa ripoti ya mwezi, miwili ya kazi ndogondogo. Miwili iliyobaki ilikuwa inasoma joto la majokofu ya chanjo, moja Izimbya, jingine kwake Muleba. Jokofu likipata joto kupita nyuzi nane, au likishuka chini ya mbili, programu yake inapaswa kupiga simu ya muuguzi hadi apokee. Nilianza kutafuta namba za michakato, zile ambazo kompyuta huipa kila programu inayokimbia, kwenye daftari langu ili nimwambie ipi ni ipi, naye akanitolea uvivu.

"Mwana wange, unataka nisiende kuangalia jokofu Jumapili, na wewe mwenyewe hujui ipi ni yangu?"

Nilikuwa nimemwomba hivyo kweli. Siku za kazi alipima joto mwenyewe, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, akaandika kwenye daftari lenye jalada la karatasi ya kaki. Jumapili zahanati hufungwa, lakini jokofu halijui Jumapili, kwa hiyo kila wiki kwa miaka mingi alitoka kanisani akatembea saa nzima kwenda kulitazama, kisha saa nzima kurudi. Mama yake mzazi alikuwa bado hai, mzee sana, anaishi kijiji cha mbali, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo angeweza kumwona. Mimi nilimwambia mtambo wangu utamwachia Jumapili zake. Alitaka tu kujua kama mtambo una kichwa na miguu, au ni maneno yangu.

Alikunywa chai, akaniachia kilo mbili za maharage, akaondoka. Mimi nikabaki nimezikodolea macho zile dotnet sita, uso umenishuka.

Ofisi yangu ni chumba kimoja Miembeni, mjini Bukoba, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kabla ya hapo nilifundisha hisabati sekondari, na nina ugonjwa wa walimu wa hisabati: nikiulizwa swali nikalikosa, sipati usingizi wa mchana wala wa usiku hadi nilijue jibu lake. Kwa nini kompyuta iite programu zangu zote kwa jina moja, wakati kila moja nimeipa jina lake kwenye faili?

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi. Lugha ninayoandikia ni ya programu zinazosimamiwa. Programu ya namna hiyo haisimami kwa miguu yake yenyewe. Kuna programu nyingine inayoichukua, inayoisoma, inayoizolea takataka za kumbukumbu na kuikataza mambo ya hatari, na huyo msimamizi ndiye anayeitwa dotnet. Mfumo ukiulizwa nani yuko kazini, unamtaja msimamizi. Ni kama mwanakwaya anayeitwa kwa jina la kwaya yake popote anapokwenda.

Jibu la pili lilinichukua siku tatu, na sijutii hata moja. Niligundua kwamba mfumo wa ile kompyuta unaruhusu programu kubadili jina lake linaloonekana wakati ikiwa inaendelea kukimbia, bila kuizima. Kuna agizo lake. Lugha yangu haina agizo hilo ndani yake, ila inaruhusu kutoka nje ya ua wa msimamizi mara moja, kugonga mlango wa mfumo wenyewe, kusema neno lako na kurudi ndani. Unataja agizo kwa namba, halafu unakabidhi jina. Namba ya agizo la kubadili jina ni kumi na tano. Nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo, nikaandika mistari minne, nikawasha, nikatazama orodha.

Dotnet.

Agizo lilikuwa limerudisha sifuri, yaani limekubaliwa. Nikaligonga tena. Sifuri tena, na dotnet palepale. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea herufi. Siku ya pili nilidhani kompyuta inanichezea. Nilitembea hadi Rwamishenye kwa miguu nikiwaza, nikampita jirani yangu bila kumsalimu, na jioni alikuja mlangoni kuuliza kama tumegombana.

Siku ya tatu ndipo nilipoelewa. Ndani ya programu moja hakuna mtenda kazi mmoja. Kuna wa kwanza, anayefungua mlango asubuhi, na kuna wasaidizi wanaopokezana kazi baada ya hapo. Lile agizo la namba kumi na tano halibatizi nyumba nzima, humbatiza yule tu aliyeligonga. Na orodha inayoonekana kwenye kioo inaonyesha jina la yule wa kwanza peke yake. Mimi nilikuwa nimeweka agizo chini kidogo kwenye programu, baada ya kusubiri mtandao uitike, na wakati huo kazi ilikuwa imeshahamia kwa msaidizi. Kwa siku tatu nilikuwa nambatiza msaidizi, naye alikuwa anakubali kila mara kwa adabu, na mwenye nyumba hana habari.

Nilicheka peke yangu. Nikalipandisha agizo hadi mstari wa kwanza kabisa, kabla ya kusubiri kitu chochote. Nikawasha programu ya Izimbya kwa jina la joto-la-jokofu-izimbya, na ya Muleba kwa jina la joto-la-jokofu-muleba. Dotnet mbili zikatoweka kwenye orodha. Mahali pake pakatokea hivi:

joto-la-jokofu-
joto-la-jokofu-

Jina linaruhusiwa herufi kumi na tano. Nafasi zipo kumi na sita, lakini ya mwisho ni ya alama ya kufungia. Agizo namba kumi na tano, herufi kumi na tano. Sijui kama aliyepanga alikusudia au alijikuta tu. Nilihesabu kwa vidole: joto, kistari, la, kistari, jokofu, kistari. Kumi na tano barabara. Mfumo ulikuwa umepokea yote ambayo majokofu yale yanafanana, ukayakata mkia pale yanapoanza kutofautiana.

Ingekuwa vyema kama ningerekebisha siku ileile. Ningekuwa sina cha kusimulia. Lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na nikajiambia kwamba angalau sasa yanajitenga na zile nyingine nne. Nitayarekebisha Jumatatu, nikasema. Nikapiga picha ya kioo, nikamtumia muuguzi kwenye simu: mama, ya kwako ni hiyo ya pili.

Akajibu, "Nimeiona. Asante mwanangu. Jumapili hii naenda kwa mama."

Jumatatu ile ikapita, na nyingine, na nyingine. Jumapili tatu alikwenda kwa mama yake. Jumapili ya tatu umeme ulikatika Muleba kwa muda, programu ikapiga simu, akamtuma mlinzi wa zahanati awashe gesi inayoendesha jokofu umeme usipokuwepo, mambo yakaisha. Alinipigia Jumatatu kunisimulia, na akanipa salamu za mama yake, ambaye sikuwahi kumwona. Kichwa changu kikavimba kidogo.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, Izimbya walifunga kipimajoto kipya, nami ilinibidi nizime programu yao na kuiwasha upya. Zamani, zilipokuwa zote dotnet, nilikuwa nikifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayevuka barabara: natafuta namba ya mchakato, nalinganisha na daftari, natazama mara mbili, ndipo nazima. Sasa nilikuwa na majina. Nikaandika agizo la kuzima kwa jina, joto-la-jokofu-izimbya, kwa ukamilifu wake. Kompyuta ikakataa. Ikaniambia kwamba jina lenye zaidi ya herufi kumi na tano halitalingana na chochote.

Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wa zamani watakuambia. Nilikuwa na njaa, na nilitaka kuwahi nyumbani. Nikafuta mkia kwa mkono wangu mwenyewe, nikabakiza kile kilichoingia kwenye nafasi, nikabonyeza. Safari hii ikatii. Nikaiwasha ya Izimbya, nikatazama orodha, nikaona joto-la-jokofu-. Ipo, nikasema. Macho yangu yalisoma mkia ambao haukuwepo, kwa sababu kichwani mwangu ulikuwepo. Kwamba mstari ulikuwa mmoja badala ya miwili, sikuuliza. Nikafunga ofisi, nikaenda kula ndizi.

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi muuguzi alinipigia.

"Simu haikulia," alisema.

Umeme Muleba ulikuwa umekatika tangu Jumapili alfajiri. Yeye alikuwa kwa mama yake tangu Jumamosi jioni, simu mkononi, haikulia, akalala kwa amani. Mlinzi hakuambiwa na mtu. Alipofungua jokofu asubuhi lilikuwa na nyuzi kumi na tisa. Chupa zenye alama ya joto zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, na zile zisizo na alama hakutaka kuzijaribu kwa mtoto wa mtu. Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki.

Nilifungua orodha nikiwa naye kwenye simu. Mstari mmoja. Nikamwambia ukweli wote, hapohapo, kwamba nimeizima ya kwake Jumamosi mchana nikidhani nazima ya Izimbya peke yake, kwa sababu majina yao yalikatwa yakafanana, na kwamba nilikuwa najua yamekatwa.

Akasema, "Basi nakwenda kuandika barua ya kuomba chanjo nyingine," akakata simu.

Kesho yake walikuja kina mama kumi na tisa, wengine kutoka mbali, na wakarudishwa wote. Nilimpigia jioni. Nilimwambia nitakuja niwaeleze mwenyewe, kwamba kosa si lake.

"Nimeshawaambia ni mimi," akasema. "Nimewaambia nilichelewa kuangalia jokofu."

"Lakini mama, si kweli!"

"Ningewaambia nini? Kwamba kuna jina lilikatwa mkia kwenye kompyuta ya Bukoba? Wewe hawakujui, waitu, mwanangu. Mtu wasiyemjua hawezi kuwabebea lawama, wanabaki nayo tu, wanaipeleka nyumbani. Mimi wananijua. Wakinikasirikia watakuja kunigombeza, na wakija kunigombeza watakuwa wamekuja na watoto."

Alisema pia, bila kupandisha sauti, kwamba Jumapili ijayo atakwenda kutazama jokofu kama zamani, na mama yake atamwelewa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kugombezwa.

Sikuwa na hamu ya kugusa kompyuta siku mbili. Siku ya tatu nilishuka dukani chini kununua kufuli, na huko ndiko nilikopata dawa ya jina, kama ni dawa. Mwenye duka ni mzee wa ile jamii ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, ambao wamebaki wachache mjini; babu yake alifungua duka hilo, na yeye anapatana bei kwa Kihaya kizuri kuliko changu. Nilikuwa nasubiri chenji huku natazama masanduku yake ya misumari kwenye rafu. Kila sanduku ameliandika kwa mkono. Hakuandika misumari ya inchi tatu, misumari ya inchi nne. Ameandika TATU misumari, NNE misumari, SITA misumari.

"Mzee," nikamuuliza, "mbona umeandika kinyumenyume?"

"Mwalimu, njoo huku." Akanivuta hadi kwenye rafu, akarudisha sanduku moja ndani. Nguzo ya mbao ya rafu ikafunika nusu ya mwisho ya maandishi. "Ukiandika vizuri, nguzo inakula namba. Unabaki na misumari, misumari, misumari. Kwamba ni misumari naona mwenyewe, hii si sukari."

Nilisahau chenji. Nilipanda ngazi nikiwaza jinsi Kiswahili chetu kinavyotaja kitu kwanza na mwenyewe baadaye: joto la jokofu la Muleba. Mwenyewe daima yuko mkiani. Mtu anayeandika kwa lugha ya kutanguliza mwenyewe asingeangukia shimo lile. Mimi niliangukia kwa kuandika Kiswahili sanifu, na nikadhani nafanya vizuri. Nikaziita upya: muleba-jokofu, izimbya-jokofu. Herufi kumi na tatu na kumi na nne. Zinasikika kama mgeni aliyejifunza Kiswahili wiki iliyopita, lakini zinaingia nzima. Na nikaiondoa kabisa njia ya kuzima kwa jina. Sasa lazima nitaje namba, na kompyuta inanionyesha ni jokofu la wapi kabla ya kukubali.

Chanjo nyingine zilifika baada ya wiki moja. Jumanne ile kina mama kumi na wanane walirudi, na kama alivyosema, walimgombeza wakiwa na watoto mgongoni. Mmoja hakuja. Muuguzi aliniambia jina lake na kijiji chake kwenye simu, na akaniambia atakwenda kumfuata Jumanne inayofuata mapema, kabla ya kliniki.

"Nakuja," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Ili wanijue. Umesema hawanijui."

Jumanne hiyo nilifika Muleba asubuhi na mapema, kabla hajafungua. Aliponifungulia sikumpa salamu ndefu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jokofu nikasoma kipimajoto kwa macho yangu. Nyuzi nne. Nikampigia kijana wa ofisi jirani aliyekuwa anatazama kioo changu Miembeni, anisomee mstari wa muleba-jokofu. Nyuzi nne. Muuguzi aliandika kwenye daftari lake la kaki. Halafu tukatembea.

Nyumba ilikuwa ndani ya kibanja, migomba imeifunika hadi paa. Yule mama alikuwa ameketi nje anamenya ndizi, mtoto amelala mkekani pembeni. Alimsalimu muuguzi kwa heshima kamili ya Kihaya, maneno yote kwa utaratibu wake, lakini kisu hakikusimama. Akasema alikuwa ametembea saa nzima siku ile kwenda, na saa nzima kurudi, na hana nguvu za kujaribu bahati.

Muuguzi alifungua mdomo. Nikamtangulia, kwa Kihaya changu cha kwetu Izimbya.

"Hakuchelewa. Alikuambia hivyo kunifichia aibu. Kuna mtambo wa kumpigia simu jokofu likiharibika. Mimi ndiye ninayeutunza, na mimi ndiye niliyeuzima."

Kisu kikasimama. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka. "Uliuzimaje?"

Sikutegemea kuulizwa hivyo. Wote niliokuwa nimewasimulia, na walikuwa wengi, waliuliza kwa nini, au walisema pole. Nikachuchumaa karibu na beseni lake, nikamweleza: kulikuwa na watu wawili kazini, wanaitwa majina marefu ambayo mwanzo wake ni mmoja. Kompyuta ikasikia mwanzo tu. Nikataka kumwita mmoja atoke.

"Wakatoka wawili," akasema.

"Wakatoka wawili."

"Na wewe hukuwahesabu."

"Sikuwahesabu."

Akatikisa kichwa polepole, na nikaona pembe ya mdomo ikichezacheza, ingawa hakucheka. Akachukua ndizi nyingine, akaitia kisu, akaimenya yote. Mtoto mkekani akajigeuza. Ndipo alipomgeukia muuguzi, akamuuliza yeye, si mimi.

"Leo dawa ipo?"

Muuguzi hakulifungua daftari lake. Alikuwa amelibeba kwapani njia nzima, mistari yote ya asubuhi imo, lakini hakulifungua. Alininyooshea kidevu.

"Muulize huyu," akasema.

"Ipo," nikasema. "Ni ya Muleba. Nimeitazama mwenyewe."

Yule mama akaosha mikono kwenye beseni, akaikung'uta, akaingia ndani kuchukua kanga ya kumbebea mtoto.